Gari Kwangu, Simu kwa Mama

Siku ya kunyoa nywele, baada ya kumzika dada yangu kule magharibi, watu wa ukoo walikaa kwenye hema la kukodisha wakagawa vitu vyake kama desturi yetu inavyotaka. Nguo zikaenda kwa binamu. Sufuria zikaenda kwa shangazi ambaye tayari alikuwa na sufuria nyingi kuliko hoteli. Simu akapewa mama, kwa sababu alikuwa ameishika tangu hospitalini na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumnyang'anya. Gari nikapewa mimi.

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matangani kinachofunikwa na kiganja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona mapazia sebuleni kwetu Mountain View, cherehani iko dirishani, choo kiko hatua chache nyuma yangu, na sijaona bado kitu ambacho mtu anafuata nje. Nikionekana langoni nimevaa viatu, majirani huuliza ni nani amefariki.

"Apewe gari," mjomba akasema, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. "Labda litamtoa kwa nyumba. Na atakuwa anampeleka mama yake hospitali."

Nikasema asante. Wangenipa ng'ombe ningesema asante, wangenipa ndege ningesema asante. Tangu tupigiwe simu kutoka hospitalini nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, ni wako, lakini hata ukiufinya husikii kitu. Watu walilia wakanishika mabega, nami nikawa nahesabu tu nani ana mikono ya moto na nani ana mikono baridi.

Gari lenyewe ni la umeme. Dada, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, alilinunua likiwa mtumba kutoka Japani, na mtaa mzima ukamcheka kwamba amenunua simu yenye magurudumu. Alikuwa akipitisha waya kwenye dirisha la jikoni analichaji usiku, asubuhi anaondoka kimya kimya bila kumwamsha mtu. Jioni akirudi alikuwa haingii ndani mara moja. Alikaa humo garini ameinamia simu yake, anasoma, anatikisa kichwa, wakati mwingine anatabasamu. Mimi nilikuwa namwona kutoka kwenye cherehani nikadhani ana mchumba. Nikaheshimu, hata sikuuliza.

Siku za Jumanne na Ijumaa alikuwa anachelewa kwenda kazini ili ampeleke mama Muthangari, kwenye kliniki ya mazoezi. Mama alipatwa na kiharusi, na mguu wake wa kushoto ulirudi nyumbani ukiwa umesahau kazi. Wale wa kliniki waliukumbusha polepole. Dada alipofariki mama alikuwa ameanza kutembea na fimbo moja badala ya mbili.

Kwa hiyo tuliporudi kutoka mazishini nilijikaza. Leseni ninayo, niliipata zamani kwa sababu marafiki walikuwa wanachukua na sikutaka kubaki. Jumanne ya kwanza tulienda vizuri. Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai, matatu zikanipigia honi, mama akiwa kiti cha nyuma ameshika mkoba wake, na uso wa abiria anayesali macho wazi.

Wakati wa kurudi, mshale wa betri ulionyesha bado tuna kiasi cha kutosha kufika nyumbani na kubakisha. Tukaacha barabara kuu ya Waiyaki Way, tukaanza kupanda kwetu. Mara kwenye dashibodi ikatokea picha ya kobe. Sijui ni Mjapani gani aliyechora yule kobe, lakini alijua anachosema. Gari likaanza kutembea kama yeye, halafu likasimama kabisa.

Vijana wa pale karibu na kinyozi walikuja kusukuma. Walikuwa na furaha sana.

"Mzae, hii imeisha bando?"

"Hapana, ni tokeni. Bado hajanunua tokeni za stima!"

"Zima uwashe, mzae. Ikikataa toa laini uirudishe."

Mama hakushuka, hangeweza kwenye mteremko ule. Akasukumwa hadi nyumbani akiwa ameketi wima kama bibi harusi aliyeghairi. Tulipoingia langoni akasema, "Sitapanda hilo tena mpaka nijue lina nini." Tukalichaji. Asubuhi likawaka kama kwamba halikufanya kitu.

Mama hakwenda Ijumaa ile. Wala Jumanne iliyofuata. Teksi alizikataa, kwamba dereva anamharakisha akitafuta mahali pa kuweka mguu, na kwamba hawezi kubebwa kwapani na mtu asiyemjua. Akawa anakaa chumbani dirishani. Kutoka kitandani hadi chooni alianza kushika ukuta, na ile fimbo ya pili, iliyokuwa nyuma ya mlango, nikaikuta siku moja iko karibu na kitanda. Nilirudi kwenye cherehani nikamaliza pindo.

Ndipo mjomba akapiga.

"Nasikia gari imekufa betri," akasema.

"Haijafa. Sijui ina nini."

"Hujui, basi imekufa. Nimepata mtu wa Nakuru anataka kuichukua aiuze vipuri. Jumamosi anakuja na gari la kuvuta. Kama iko na uhai, uniambie, tuiache imbebe mama yako. Lakini usiniambie unafikiria. Uniambie unajua."

Na hilo ndilo lililonipeleka mjini, River Road, kutafuta mtu anayejua mambo ya betri. Wanaonijua hawaamini nikiwaambia. Nilitembea kutoka kituoni nimekumbatia simu yangu kifuani kama mtoto mchanga, nikapita maduka ya rangi, ya misumari, ya kuchapisha kadi za harusi, hadi kwenye duka moja jembamba la vifaa vya umeme, lenye upana wa mlango wake. Muuzaji alikuwa mwanamume wa rika langu, akila njugu.

"Niaje, boss. Sema."

Nikamweleza kuhusu kobe.

"Hiyo mshale ya dash ni muongo," akasema. "Inakupatia jumla. Wewe unataka kuona betri ndani, seli kwa seli. Uko na kidude?"

"Kidude gani?"

Akanitolea kitu cheusi, kama kiberiti. Unakichomeka chini ya usukani, akasema, kwenye tundu ambalo mafundi hutumia kupima gari, kisha kinaongea na simu yako kwa Bluetooth, na programu inakuonyesha kila kitu gari linachoficha.

Nikakiangalia. Nikakigeuza. Goti langu la kulia likakitambua kabla ya kichwa.

"Hiki ninacho," nikasema. "Kiko kwa gari. Kinanigonga goti. Nilidhani ni kitu cha alamu."

Akaacha kutafuna. "Yaani umetoka Mountain View mpaka River Road kuja kuambiwa uko nacho?"

"Ndiyo."

"Buda, wewe ni mteja wa kipekee." Akanipa kadi yake hata hivyo, na akanionyesha programu ya kuweka kwenye simu. "Ukikwama unipigie. Na ukikuja tena, ununue hata njugu."

Kwa hiyo dada hakuwa na mchumba. Jioni zote zile alikuwa anasoma betri. Nililifikiria hilo nikiwa njiani kurudi, nikingoja linichome, halikunichoma. Lilikaa tu pale, kama risiti mfukoni.

Nilipofika nyumbani niliingia garini, nikaliwasha, nikafungua Bluetooth kwenye simu yangu. Ikaniletea orodha ya mtaa: spika ya jirani wa juu, runinga ya mtu, saa ya mtu, na kitu kimoja kilichoitwa Usiniguse, ambacho hadi leo sijui ni cha nani. Kidude hakikuwemo. Nikazima, nikawasha. Nikakichomoa, nikakipuliza kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti, nikakichomeka. Taa yake ya buluu ikapepesa mara chache, kisha ikatulia ikawaka moja kwa moja, na kwenye simu yangu hakuna kitu.

Nikampigia mtu wa njugu.

"Taa inablink ama inawaka tu?"

"Inawaka tu."

"Basi imeshikwa. Iko na simu ingine hapo karibu. Hiyo kitu ni Mkristo, boss, inachukua mmoja tu. Mpaka huyo mwingine atoke ama azimwe."

"Hakuna simu nyingine."

"Iko. Angalia."

Nikainua macho. Gari huegeshwa pua ikiwa imeelekea nyumba, na mbele ya kioo ni dirisha la chumba cha mama. Mama alikuwa amekaa pale, ananiangalia. Kwenye ubao wa dirisha, ikiwa kwenye chaji, ilikuwa simu ya dada.

Simu ile imefungwa na hakuna anayejua namba yake ya siri. Mama huichaji kila siku. Alfajiri hulia kengele ambayo dada alikuwa amejiwekea ya kuamkia kazini, na mama huiacha ilie kwa muda, kisha hubonyeza pembeni ikanyamaza. Mimi nikiwa kwenye godoro langu sebuleni husikia yote mawili, kengele na kunyamaza. Hatujawahi kulizungumza.

Wazee walikuwa wamegawa vizuri sana, kila mtu na chake. Hakuna aliyejua kwamba vile vitu viwili vilikuwa kitu kimoja.

Nikaingia chumbani.

"Mama, hiyo simu ndiyo imeshika gari."

"Imeshika vipi na iko hapa?"

"Kwa hewa. Dada aliiunganisha. Gari likiwaka tu, simu inaingia."

Akaigeuza ile simu, akaangalia mgongo wake, kama kwamba mkono wa kushikia ungekuwa huko. "Kila ukiwasha?"

"Kila nikiwasha."

"Na hiyo Jumanne tulienda, ilikuwa kwa mkoba wangu. Ikashika pia?"

"Bila shaka."

Akakifuta kioo chake kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Inadhani ni yeye."

"Simu haidhani, mama."

"Wewe unajua nini? Si fizikia uliiacha kidato cha pili?"

Hilo ni kweli. Niliiacha na fizikia ikashukuru.

"Basi nipe niende nayo kwa jirani kidogo, nijaribu."

"Sikupi. Nilipewa mimi, mbele ya watu."

"Uizime basi, kwa muda tu."

"Haizimwi." Akaiweka mapajani. "Ikizimwa, ikiwaka itaitisha namba. Hiyo namba utaitoa wapi?"

Mimi pia nilikuwa nimewaza kwamba ikizimwa huenda isilie tena alfajiri.

"Si usongeze gari?" mama akasema. "Simu ikae, gari liende huko nje ya lango, chini kidogo."

Mtu yeyote mwenye akili angekuwa amelifikiria hilo, nami nilikuwa nimelifikiria, nikaliweka kando haraka. "Na likizimika huko chini? Wale vijana?"

Mama akaniangalia kwa muda. Ananiita baba, kwa sababu nina jina la babake, na huniita hivyo zaidi anapokaribia kunitukana.

"Baba, unaogopa gari. Unaogopa barabara. Unaogopa vijana wa kinyozi. Iko siku hiyo cherehani itakuangalia vibaya uikimbie uje ujifiche chini ya kitanda changu."

"Siogopi. Najihadhari."

"Haya. Wewe jihadhari hapo." Akachomoa simu kwenye chaji, akaitia kwenye pindo la leso aliyojifunga kiunoni, akanyosha mkono kuitafuta fimbo. "Nitasonga mimi."

Nilimwambia mguu hautakubali. Akasema hajauuliza. Nilitaka kumshika mkono, akanielekeza garini kwa fimbo, niende nikaangalie hiyo taa yangu. Basi nikaenda nikakaa kwenye usukani, nikaliwasha, taa ya buluu ikawaka moja kwa moja, na mama akapita kando ya dirisha langu kwa patipati zake za mpira, bila kunitazama.

Nilimfuata kwa macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Alitembea ule mwendo wake mpya: fimbo, mguu mzima, kisha ule mwingine unaburutwa kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Alifika langoni, akapumzika akiwa ameshika chuma. Taa ikawa bado inawaka. Nilijua napaswa kutoka nimwambie inatosha, tutanunua kidude kingine, tutamwambia mjomba chochote. Mwili haukunyanyuka. Niliangalia taa, nikaangalia kioo, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Akatoka nje ya lango. Akapinda kona. Kioo kikabaki na ukuta peke yake.

Taa ikapepesa.

Kwenye simu yangu, chini ya Usiniguse, likatokea jina la kidude, namba na herufi zisizo na maana. Nikabonyeza. Ikaitisha namba ya siri, na mtu wa njugu alikuwa ameniambia vidude vyote ni moja mbili tatu nne, viwandani hawana muda. Nikaandika. Nikafungua programu. Ikazunguka, ikazunguka, kisha skrini ikajaa vijiti vyembamba vya buluu vilivyosimama kwa safu, kila kijiti seli moja ya betri.

Sikuhitaji fizikia. Mimi nakata mapazia, na pindo lililo sawa nalijua. Vijiti vilikuwa sawa, sawa, sawa, mstari mmoja, isipokuwa kimoja karibu na mwisho ambacho kilikuwa kifupi kwa unywele kuliko wenzake, na programu ilikuwa imekipaka rangi nyekundu. Hicho tu. Maelezo ya programu yalisema betri ikijaa hicho hukaribia kulingana na wenzake. Ikipungua hicho huanguka kwanza, na kikianguka kobe hutokea, hata vingine viwe bado na nguvu. Nikampelekea mtu wa njugu picha. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, mdomo umejaa: "Hiyo si kufa, boss. Seli moja imechoka. Usiiache ishuke chini ya nusu, ukipata nafasi uilete tubadilishe hiyo moja. Betri iko poa."

Nikampigia mjomba papo hapo, kabla ujasiri haujapoa.

"Unafikiria ama unajua?"

"Najua. Nimeiona."

"Haya. Nitamwambia huyo mtu asije." Halafu: "Mama yako yuko?"

Ndipo nikakumbuka kwamba mama hajarudi, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia asimame. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitandani. Aliyobeba haifunguki, na hata ningeipigia, nisingeweza kubonyeza jina lile.

Nilirudisha gari kinyumenyume hadi nje ya lango bila kugonga kitu, nikapinda kona. Hakuwa kwa kinyozi. Vijana waliponiona wakasimama. "Mzae amepata bando!" mmoja akapiga kelele, na mwingine akaonyesha kule chini barabarani kwa kidole, hakutania. Mama mboga naye alikuwa ametoka kwenye kibanda chake.

"Amepita," akasema. "Nimempa stuli akae, akakataa. Ati hajaambiwa imeachilia."

Nilimkuta karibu kabisa na barabara kubwa, ameshika nguzo ya umeme kwa mkono mmoja. Sijui alifikaje. Mguu ulikuwa unatetemeka hadi patipati inagonga saruji. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma.

"Imeachilia?" akauliza.

"Imeachilia kitambo."

"Ningejuaje?"

"Ningekuambiaje?"

Akafikiria hilo, akaona halina mshindi. "Limesema nini?"

"Litakubeba. Ila lisishuke nusu."

"Na sasa lina ngapi?"

"Limejaa."

Nikamsaidia kuingia, akakubali kushikwa kwapani. Nikaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili nikauweka ndani. Ulikuwa mzito na moto. Nilipokaa kwenye usukani akasema, "Unawasha kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nimetembea mpaka hapa kurudi nyumbani? Nipeleke Muthangari."

"Mama, umevaa patipati. Na leo si siku yako."

"Wanafanyisha mguu mazoezi, hawafanyishi kiatu. Na siku zangu nyingi ziko huko nazidai."

Tukaenda. Waiyaki Way ilikuwa na msongamano wake, tukasonga kidogo kidogo, nami nilikuwa nimeweka simu yangu pale mbele, vijiti vimesimama. Kile chekundu hakikuanguka. Nilipoangalia kioo mama alikuwa ametoa ile simu ya dada, anaiangalia skrini nyeusi, akaibonyeza pembeni ikawaka, akasoma saa, akairudisha kwenye leso. Nilingoja nione kama nitasikia chochote. Kulikuwa na joto la jua kwenye mkono wangu wa dirishani. Hilo nililisikia.

Lango la kliniki lilikuwa limefungwa. Mlinzi aliliona gari kutoka mbali, akaacha kiti chake, akaja mbio anacheka, ameshafungua nusu moja ya lango kwa mazoea, na akainama dirishani kwangu akiwa na maneno tayari.

"Madam! Umetutoroka! Nilikuwa nasema umepata kazi Ulaya, sasa—"

Akaniona mimi. Akaangalia kiti cha kando. Akaangalia nyuma.

"Shikamoo, mama. Na yeye?"

"Hayuko," mama akasema.

"Amesafiri?"

"Hapana, mwanangu. Hayuko."

Mlinzi akavua kofia. Akasimama hivyo, mkono mmoja juu ya paa la gari. Nyuma yetu mtu alipiga honi.

"Fungua na hiyo nusu nyingine," mama akamwambia. "Huyu hajui kuendesha."

Mlinzi akarudi langoni. Akatoa chuma cha chini, akaisukuma ile nusu ya pili iliyokuwa imeshika kutu kwa kutofunguliwa, akaegemeza bega lake hadi ikasogea. Nikaingia polepole, katikati.